Macho ya Kuazima

Mtaani walimwita Mzee Honi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa dereva wa lori la mafuta. Alipostaafu alibaki na gari dogo la rangi ya maziwa na tabia ya mtu aliyezoea kupishwa. Alipigia honi watoto, kuku, mafundi wa umeme waliosimamisha ngazi kando ya njia, hata watu waliobeba mgonjwa. Watani wake walisema akikosa wa kumpigia honi hukipigia kivuli chake mwenyewe. Hakuwahi kusababisha ajali. Hilo alilisema kila alipopata wa kumsikiliza, na aliyelisikia mara nyingi zaidi ni mkewe, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, cherehani ikiwa imesogezwa dirishani, vifungo vimejaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka wakati wa kulala. Wenye watoto walimwita Mama Sare. Alikuwa na maneno machache na kumbukumbu ndefu.

Moja ya kumbukumbu hizo ilihusu gari. Mtoto wao wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu, Mama Sare alimwomba mumewe amfundishe kuendesha. Mume alimpeleka uwanja wa mpira, akamkalisha kwenye usukani, akamfokea kwa robo saa nzima mpaka wachezaji wakauacha mpira wakaja kusikiliza. Mama Sare alizima gari, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Kwa miaka arobaini Mzee Honi alisimulia kisa hicho kila watu walipokusanyika, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe hakucheka hata mara moja, na hakuomba tena.

Mzee alipofikisha miaka sabini na minne, macho yalianza kumwishia polepole, kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Kwanza alilaumu taa za gari. Kisha akamlaumu fundi wa gereji, kwamba alimwekea kioo cha mbele kibovu. Jioni moja walikuwa wanarudi kupeleka sare, jua limeinama usawa wa kioo, na mtu mwenye gunia la mkaa begani akaanza kuvuka barabara. Mama Sare alimwona. Akamwangalia mumewe, akaona hapunguzi mwendo.

"Mtu," alisema.

Breki zikalia. Mwenye gunia aligeuka, akawatazama kwa muda, akaenda zake. Asubuhi yake, mume akiwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo, alisema bila kuinua uso, "Ukiona kitu, sema mapema. Usingoje mpaka nikifikie."

Ndivyo ilivyoanza.

Baada ya wiki chache mke alimfikisha kwa daktari wa macho, kwa kisingizio kwamba yeye ndiye aliyetaka miwani. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye umri wa kitinda mimba wao. Alimpima mzee, akampima tena, kisha akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilibaki kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Matone yangelinda kilichobaki, ila kilichokwenda kimekwenda.

"Na gari, mzee, liwe basi," alimaliza.

Mzee Honi alimjibu kwamba amepanda milima yenye ukungu akiwa na lita elfu thelathini za petroli mgongoni kabla daktari hajaota meno. Daktari aliandika jambo kwenye faili, akampa chupa ya matone, akaita mgonjwa mwingine. Walipoingia garini, mzee hakuwasha mara moja. Alishika ufunguo, akamwambia mkewe, "Haya yabaki humu humu."

Yalibaki humo miaka miwili.

Walijitengenezea lugha yao. "Baiskeli, kulia." "Tuta." "Mwenye toroli." "Taa nyekundu." Mke alisema kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kuhesabu mishono, na mume alijibu "nimeona" kila mara, hata pale ambapo hakuna aliyeweza kuamini. Leseni ilipofika wakati wa kupimwa upya, Mama Sare alitangulia peke yake kwenye ofisi ya leseni akijifanya amekuja kuuliza saa za kazi. Alisimama mlangoni, akazisoma herufi za kupimia macho zilizobandikwa ukutani, akazinakili kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya watoto wa watu. Siku tatu Mzee Honi alizikariri kama mtoto wa chekechea, mkewe akimgongea meza kwa rula ya mbao kila alipokosea. Alifaulu. Alirudi nyumbani amejaa majivuno, utadhani kweli aliziona.

Usidhani mwanamke yule alifanya hayo kwa mapenzi tu. Alihitaji kupeleka sare. Tena, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mwanamume yule alimhitaji kwa jambo zaidi ya kupika na kufua, na utamu wa kuhitajika ulimlevya. Kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia mtu. Siku ambazo mume alikuwa amemtolea maneno makali, alilizuia neno kinywani kwa muda wa pumzi moja kabla ya kulisema. Pumzi moja tu. Aliangalia vidole vya mzee vikikaza usukani, shingo ikimtoka mishipa, mtu mzima akingoja huruma yake. Ilimpendeza. Kisha walipofika nyumbani aliona aibu, akajiambia hatarudia, na wiki iliyofuata akarudia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yeye ambaye maisha yake yote alizoea kuwavisha watu, alilijua hilo, na bado kila siku alimwazima mumewe macho.

Mikwaruzo ndiyo iliyowaumbua. Madigadi ya kushoto ilikuwa na mistari mitatu, kumbukumbu ya nguzo ya geti lao wenyewe, na kioo cha pembeni kilishikiliwa na gundi ya karatasi. Binti yao mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliviona Jumapili moja alipokuja na mwanawe kula chakula cha mchana. Alikuwa na kile kipaji cha walimu wakuu cha kunyamaza mpaka mwenye kosa ajitaje. Baba yake hakujitaja. Basi wakati wa kula binti akaweka kijiko chini, akasema anataka ufunguo wa gari.

Mzee Honi aliuliza kama ameshakufa. Binti akasema hapana. Mzee akauliza basi mbona urithi unagawiwa, maiti mwenyewe bado anatafuna. Binti akasema hataki gari, anataka watu wasigongwe. Maneno yakapanda. Baba alimkumbusha nani alimpeleka shule kwa gari, binti akamkumbusha kwamba alimpeleka mara mbili tu, na zote mbili alimshusha njiani kwa kuongea sana. Mjukuu, msichana wa miaka tisa, alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine huku wali ukipoa mbele yake.

Mwishowe binti akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unakaa naye mle ndani kila siku. Niambie ukweli. Baba anaona?"

Mama Sare alifuta mikono yake iliyokuwa mikavu. "Anaona," alisema.

Hapo mambo yangeweza kuisha. Lakini Mzee Honi hakuwa mtu wa kushinda na kunyamaza. Alijiegemeza kwenye kiti, akaieleza meza nzima kwamba mikwaruzo ile ni kazi ya mama yao. Anapiga kelele garini kama kuku aliyeona mwewe. Anamchanganya. Hajui kulia wala kushoto, tangu siku ile ya uwanja wa mpira, na hapo akaanza kukisimulia kisa kile upya, mjukuu apate kukisikia vizuri. "Ningekuwa nimeachwa peke yangu," alimaliza, "nisingegusa hata jani."

Mama Sare alikusanya sahani. Jikoni alisimama mbele ya karai la vyombo mpaka maji yakapoa. Uongo aliousema kwa ajili yake haukuwa umetimiza hata dakika tano. Binti alipoondoka, alirudi sebuleni, akamwambia mumewe kwamba kuanzia kesho yeye ni abiria kama abiria wengine. Hataona, hatasema, na akisinzia asiamshwe.

"Afadhali," mzee alisema. "Masikio yangu yatapumzika."

Wiki nzima gari halikutoka. Jumatatu tairi lilikuwa halina upepo wa kutosha. Jumatano mawingu hayakumpendeza. Alhamisi Mama Sare alibeba mafurushi ya sare mwenyewe, akaenda kwa miguu mpaka barabara kuu kutafuta teksi, mumewe amekaa kwenye ngazi za baraza akijifanya anasikiliza redio. Nyumbani waliongea kwa vitu: kikombe kilichowekwa kwa kishindo, mlango uliofungwa kwa kisigino, chumvi iliyozidi makusudi. Mama Sare alifikiri sana siku hizo. Akinyamaza ndani ya gari, atakayelipa si mzee. Atakuwa mwenye gunia, au mwenye baiskeli, au mtoto anayefuata mpira wake. Ukimya wake ungewaangukia watu wasiohusika. Akisema tena, basi atasema mpaka siku neno lake litakapochelewa, si kwa makusudi, bali kwa uzee. Naye alikuwa na miaka sitini na tisa, na uzi ulishaanza kumpiga chenga kwenye tundu la sindano.

Jumamosi mjukuu aliletwa kushinda nao, kama kawaida. Saa nne asubuhi Mzee Honi alivaa shati safi na kutangaza kwamba anampeleka mjukuu wake kununua madaftari. Wao wawili tu, alisema, akilikazia neno wawili.

Mama Sare hakubishana. Alimwambia mtoto akae barazani kwanza avae viatu, asishuke mpaka aitwe. Kisha akaingia chumbani, akavua gauni la kazi, akavaa lile jekundu, jekundu la kuumiza macho, ambalo alilishonea harusi ya binti yao. Alipotoka, mume alikuwa ameshawasha injini na anaipasha moto. Geti lilikuwa wazi. Mama Sare alipita kando ya gari upande wa ukuta, akaenda kusimama kwenye nguzo ya kulia, hatua nne kutoka kwenye taa ya mbele, mikono imening'inia, uso ameuelekeza kwenye kioo.

Alimwona mumewe vizuri. Alimwona akirekebisha kiti na kujifuta paji la uso. Alimwona akiinamisha kichwa kuitafuta nguzo ya kushoto, ile iliyomkwaruza, na kuikodolea jicho lake moja kama mtu anayemvizia mwizi. Gari likaanza kusogea. Mama Sare alikuwa na nafasi ya kuruka pembeni mara mbili. Baadaye alikiri kwamba miguu ilitaka, yeye ndiye aliyeikataza.

"Babu, Bibi yupo!" mtoto alipiga kelele barazani.

Kona ya gari ilimpata nyongani. Haikumrusha, ilimsukuma kwenye nguzo, akateleza nayo mpaka chini na gauni likachanika ubavuni. Gari lilisimama. Mzee Honi alishuka akiwa ameshikilia mlango, akigeuza kichwa huku na huku kuitafuta sauti, na kwa muda alitazama juu ya kichwa cha mkewe bila kumwona.

"Uko wapi?"

"Hapa."

Akainamisha uso. Akamwona. "Umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu unapasha injini moto."

"Na hukusema."

"Ulisema nakuchanganya."

Mjukuu alikuwa amekimbia mpaka kwao, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. "Ningekuua," mzee alisema, na haikujulikana kama ni hofu au hasira iliyomtetemesha sauti.

"Ungeniua mimi," mkewe alijibu. "Si mtoto wa mtu."

Mzee alinyoosha mkono amwinue, naye akausukuma. Aliinuka kwa kushika nguzo na bega la mtoto.

Ni mtoto aliyempigia mama yake simu. Binti alifika akiwa na sura ya siku ya mitihani, akampakia mama yake, akampeleka hospitali. Picha ilionyesha mfupa ni mzima, nyama ndiyo iliyoumia. Walipokuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbini wakingoja dawa, Mama Sare alidhani sasa atapewa pole. Alieleza yote, daktari wa macho, herufi za ukutani, miaka miwili ya baiskeli kulia na tuta mbele. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba haoni," binti alisema. "Wewe unaona. Nilikuuliza mezani, ukaniambia anaona. Na mwanangu amepanda gari hilo kila Jumamosi."

"Nilikuwa naye kila mara. Nilikuwa nasema."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha, Mama. Umeulinda uongo wa Baba, na leo umejilaza mbele ya gari ili mtoto wa miaka tisa aone. Hukuwa na njia nyingine? Hata kunipigia simu?"

Nyonga ilimuuma Mama Sare mwezi mzima, lakini alisema maneno ya benchi lile yalimuuma zaidi, kwa sababu hayakuwa na kosa hata moja. Kwa miezi minne binti hakumleta mtoto. Aliwapigia simu Jumapili, akauliza afya zao, akakata.

Mzee Honi, siku ile, alirudi kukaa garini. Gari lilibaki pale pale, nusu ndani ya geti nusu nje, naye amefunga vioo, mpaka jirani mwenye duka alipoomba njia. Alishuka akamwachia jirani ufunguo alirudishe uani. Watu waliokuwepo walisema hiyo ndiyo mara ya kwanza walipomwona mtu mwingine akikalia kiti kile. Siku ya tatu alimwita fundi wa gereji na kumwambia anauza, kwa sharti moja, likafunguliwe vipuri. Hakutaka kulisikia likipita mtaani likiendeshwa na mtu mwingine. Fundi alisema gari bado zima, ni dhambi kulichinja. Mzee akamwambia akatafute dhambi zake mwenyewe. Kabla ya juma kwisha lilikuja lori likalivuta.

Binti alipopata habari alikuja peke yake, akadhani ameshinda. Baba yake alimkatiza.

"Siachi kwa sababu umesema," alimwambia. "Wala huyo daktari wa macho. Naacha kwa sababu niligonga mtu na sikumwona. Mwenye gauni jekundu, mchana, hatua nne. Dereva wa hivyo ningemkuta barabarani enzi zangu, ningeshuka nimpige." Akaelekeza uso kwenye chumba cha mbele ambako cherehani ilikuwa inalia. "Lakini mama yako simsamehe."

Cherehani ikanyamaza. "Sijaomba," alisema Mama Sare kutoka ndani, kisha ikaendelea.

Hawakupatana, kama unangoja nikuambie walipatana. Walikuwa wamezoeana mno kwa hilo. Mkewe ndiye aliyemtia matone ya macho, asubuhi na jioni, akimshika kidevu kama anayekagua nguo yenye doa, na mzee hakuwahi kusema asante. Gauni jekundu alilitia kiraka cha ndani, akakitia vizuri hata usingejua. Kisa cha uwanja wa mpira hakikusikika tena katika nyumba ile. Siku mgeni mmoja alipokikumbushia, Mzee Honi alisema amekisahau.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mama Sare alikodi teksi kila Ijumaa kupeleka sare. Ijumaa ya kwanza mumewe alisimama kwenye ngazi amevaa shati safi, akauliza kama kuna nafasi. Mkewe alimwambia hakuna, viti vimejaa mafurushi. Ijumaa ya pili alimwambia hivyo hivyo, na safari hiyo haikuwa kweli. Ya tatu alimwangalia kwa muda akiwa na mlango wa teksi mkononi, akamwambia akitaka kuja apakate mzigo, na asimsemeshe dereva.

Alipanda nyuma. Akapakata furushi la sketi za bluu, kidevu juu yake. Kabla hawajafika barabara kuu alikuwa ameshamwambia dereva kwamba anachelewa kubadilisha gia, na Mama Sare, bila kugeuka, akamwambia dereva asimjali, huyo ni abiria.